Kitabu cha Picha cha Mama Pambizo

Siku mdogo wangu alipomleta huyu mwanamke nyumbani kumtambulisha, tulimwekea sahani mezani, akaisogeza. Kidogo tu, upana wa kidole, ili ilingane na sahani ya jirani yake. Halafu akasogeza na yangu. Nilimvuta mdogo wangu jikoni nikamwambia, "Huyu atakupanga mpaka nywele." Akacheka, akasema ndiyo maana anamtaka, kwa sababu yeye mwenyewe kila asubuhi hajui soksi ya pili iko wapi.

Sasa ni mwaka wa thelathini na moja tangu siku hiyo, na bado ni wifi yangu. Mimi ni dada mkubwa wa mume, muuza vitambaa, na ulimi wangu hauna mfupa. Nikimsema wifi namsema mbele yake, naye ananijibu papo hapo. Hata haya ninayosimulia ameyasikia yote. Amenisahihisha mahali pawili na kuniambia sentensi zangu ni ndefu mno.

Wifi ni mpiga chapa katika ofisi ya maji. Aliingia pale enzi za taipureta, zile mashine nzito za chuma zenye kengele inayolia mwisho wa mstari, kisha zikaja kompyuta, naye akahamia huko bila kulalamika. Barua yoyote ya kumwambia mtu kwamba bomba litapita kwenye kiwanja chake, au kwamba maji yake yatakatwa, imepita vidoleni mwake. Hupiga chapa huku macho yako dirishani, na hakosei. Niliwahi kumwuliza barua fulani ilisema nini, akanijibu hajui, ameipiga tu. Anasema ukianza kusoma utaanza kuwahurumia watu, na ukiwahurumia utakosea herufi.

Jina la Mama Pambizo alipewa na mkuu wake wa zamani. Bwana yule siku moja alijitia kupiga chapa barua yake mwenyewe, akampelekea wifi aiweke kwenye faili. Wifi akamrudishia. Pambizo, ile nafasi nyeupe ya pembeni, ilikuwa nyembamba mno upande wa kushoto. "Mheshimiwa, tukitoboa matundu ya faili, tutayatoboa na maneno yako." Mheshimiwa akaenda akaipiga upya, na tangu hapo hata mfagizi wa ofisi anamwita Mama Pambizo. Nyumbani ni vile vile. Taulo zake zina pambizo. Ukilala kwake, shuka linaning'inia sawasawa pande zote mbili, na asubuhi unaona haya kuliacha limekunjamana.

Kitu kimoja tu hakuwahi kukigusa, nacho ni picha. Ripoti ya mwaka ya ofisi ilikuwa na picha za matangi na pampu, lakini hizo zilitiwa na mtu wa kitengo kingine. Yeye aliacha nafasi, chini ya nafasi akaandika maelezo, "Picha ya 4: Tangi jipya," akapeleka mbele. Maandishi kwanza, picha baadaye. Ndivyo alivyofundishwa, na mazoea hayo ndiyo yaliyokuja kumponza.

Mumewe, mdogo wangu, tunamwita Fundi, na watu wote wa mtaa wanamwita hivyo. Anatengeneza cherehani. Karakana yake ni chumba cha mbele cha nyumba yao, mlango unafungukia barabarani. Ndani kuna benchi, kopo la mafuta lenye mdomo mrefu, droo za sindano na bobini, mikanda imening'inia ukutani. Zaidi ya hayo kulikuwa na mdomo wake. Mtu alileta cherehani nzima kabisa, akadai inaruka mshono, ili apate kukaa asikilize. Fundi angeweza kukueleza kwa nini uzi unakatika mpaka ukasahau kwamba una njaa.

Asubuhi moja nilikuwa pale na furushi langu la vitambaa. Aliinua mkono aniombe bisibisi, akasema neno ambalo silo. Akarudia, likatoka jingine ambalo silo pia. Alinitazama kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata, halafu mkono wa kulia ukamwangukia pajani. Kiharusi.

Alilazwa wiki tatu. Alirudi anaburuta mguu, na maneno yamemwishia. Sauti anayo, neno ndilo halipatikani. Akitaka kusema maji, linatoka "ta ta ta." Akiona tunamtumbulia macho, anapiga meza kwa mkono wa kushoto mpaka vikombe vinaruka. Baada ya siku chache akaacha hata kujaribu. Alikaa kwenye kiti cha dirishani akitazama barabara. Ukimwuliza kitu, anatazama barabara.

Hapo ndipo niseme na langu, maana nikilificha wifi atalisema yeye.

Tuna mdogo wetu wa mwisho, tunamwita Meneja kwa sababu tangu utotoni anapenda kupanga maisha ya watu. Si mtu mbaya. Alikuja Jumamosi moja mchana, tukakaa sebuleni, yeye, wifi na mimi, na Fundi kitini pake, hatua tatu kutoka tulipokaa. Meneja akasema karakana ifungwe. Vyombo wagawiwe mafundi wengine kabla havijapata kutu, na chumba kifanywe cha mgonjwa, asipande ngazi.

Wifi akasema, "Mwenyewe hajaulizwa."

Nami nikajibu, kwa sauti yangu ile ile ya dukani, "Utamwuliza nani, wifi? Mwenyewe ameshaondoka. Tumebakiwa na mwili wake tu."

Maji yakimwagika hayazoleki. Nilimtazama Fundi. Alikuwa anatazama barabara. Nikajifariji kwamba hakusikia, au kama alisikia hakuelewa, na kujifariji huko nikakugeuza ushahidi. Unaona, nikajiambia, angekuwa anaelewa angegeuka.

Wifi alinyoosha kitambaa cha meza mpaka ncha zikalingana, akasema, "Nipeni wiki mbili."

"Wiki mbili, shemeji," Meneja akasema. "Zikiisha, Jumatano inayofuata nakuja na gari."

Kesho yake wifi alinieleza alichokuwa nacho kichwani. Pale hospitali kulikuwa na mama mmoja, mtaalamu wa matamshi, aliyemwambia atengeneze kitabu cha picha. Zisiwe picha za kuku na tufaha za watoto wa shule. Ziwe picha za vitu vya nyumbani kwake mwenyewe, na chini ya kila picha neno moja, kubwa, analoweza kulionyesha kwa kidole. "Ameniambia tusiseme kwamba haelewi mpaka tumempa kitu cha kujibia," wifi akasema, na hilo "tusiseme" alilisema akinitazama mimi.

Basi ikawa ni kupiga picha. Wifi alizunguka nyumba na simu, akachuchumaa mbele ya ndoo, akapanda stuli kupiga picha ya taa. Alipiga picha ya mswaki mara saba kwa sababu haukukaa sawa. Alipiga hata kiganja chake mwenyewe, kidole gumba juu kwa ajili ya "Ndiyo," kidole gumba chini kwa ajili ya "Hapana." Aliniita nishike shati la Fundi ukutani, akanipigia kelele kwamba kivuli changu kimeingia. Karakanani alipiga picha ya benchi, ya kopo la mafuta, ya cherehani nzima na ya cherehani mbovu. Nikamwuliza cherehani mbovu ya nini, wakati mtu hawezi hata kuomba maji. Akasema, "Miaka yote hiyo umewahi kumsikia anazungumzia cherehani nzima?"

Mkuu wake alimruhusu kutumia kompyuta ya ofisi saa ya chakula cha mchana. Mimi nilimpelekea chakula na kukaa nyuma yake, eti kumsindikiza, lakini ukweli nilikwenda kumwona akishindwa. Miaka thelathini sikuwahi kumwona akishindwa kitu cha karatasi. Nikaona. Alitia picha ya kikombe, kikombe kikajaza ukurasa mzima. Akakipunguza, kikakimbilia ukurasa wa pili, neno lake likabaki ukurasa wa kwanza peke yake. Akaligusa neno, kikombe kikarudi na kulilalia. Wifi akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Maandishi yana adabu," akaniambia. "Hizi picha hazikulelewa."

Na maelezo yenyewe, mwanzoni, nilicheka mpaka nikapaliwa. Chini ya kikombe alikuwa ameandika, "Kielelezo Na. 1: Kikombe cha kunywea chai."

"Wifi," nikamwambia, "huyu anaomba chai au anaomba kibali?"

Alininunia kama dakika mbili. Halafu akafuta yote, akaandika, "Chai."

Siku ya tatu akajipatia njia. Aliandika kwanza maneno yote ishirini na manne, kila neno katika kisanduku chake, na kila kisanduku akakipigilia mahali pake kwenye ukurasa kisitikisike. Kurasa sita, visanduku vinne kila ukurasa. Kisha akaziingiza picha, moja baada ya nyingine, zikajipanga kwenye foleni, kila moja ikisimama juu ya neno lake. Kazi ikapendeza, siwezi kusema uongo. Ukurasa wa kwanza kulikuwa na Fundi mwenyewe, akafuata mke, nikafuata mimi, na baada yangu choo. Nafasi hiyo niliilalamikia, akaniambia hiyo ndiyo orodha ya mtaalamu, watu kwanza halafu mahitaji.

Sasa sikilizeni jinsi nilivyoiharibu.

Ilikuwa Jumatano yenyewe, siku ya Meneja. Saa ya chakula ilikuwa imebakiza dakika chache, kazi imekaguliwa, imebaki kuchapwa. Nikasogea karibu na skrini nikaiona picha yangu vizuri kwa mara ya kwanza. Kilemba kimekwenda upande, mdomo uko wazi. Alikuwa amenipiga picha nikimgombeza juu ya kile kivuli.

"Hiyo haichapwi," nikasema.

"Wifi, kazi imeisha."

"Mdogo wangu aniangalie kila siku na mdomo kama mlango wa ghala? Toa. Tia ile ya kilemba cha bluu."

Alishusha pumzi, akaitoa. Akaingiza ya kilemba cha bluu, na wakati huo huo mkuu wa ofisi akasimama mlangoni akidai barua yake ya asubuhi. Wifi akageuka kumjibu, kidole kikaamuru printa, macho yakiwa kwa mkuu. Karatasi zikatoka kifudifudi. Akazilinganisha, akazibana kwa stepla mbili, ndani ya pambizo, akazitia kwenye bahasha. Hakuzitazama. Tangu aajiriwe, kazi ambayo ameshaikagua mara moja haikuwahi kuhitaji kukaguliwa mara ya pili.

Hakujua, wala mimi sikujua, kwamba foleni ikitolewa mtu, wote walio nyuma wanasogea mbele hatua moja. Picha zilisogea. Maneno, aliyoyapigilia kwa mikono yake, yalibaki pale pale. Na mimi na kilemba changu cha bluu tukaenda kukaa mwisho kabisa wa foleni.

Tulifika nyumbani saa kumi na moja, jua bado kali. Gari la Meneja lilikuwa limeshaegeshwa mbele ya karakana, tupu nyuma, na yeye yuko sebuleni na mita ya kupimia, tayari ameshapima mlango. Wifi hakumsalimia vizuri. Alimwinua Fundi kutoka dirishani, akamkalisha mezani, akaweka kitabu mbele yake. Nilimwelewa. Kama mtu huyu angetazama kurasa hizo jinsi alivyotazama barabara, basi karakana ingeondoka na gari jioni ile, na sisi tungeendelea kuzungumza juu ya kichwa chake mpaka siku ya mwisho.

Akafungua. Fundi akatazama picha yake mwenyewe, neno chini yake "Fundi." Hakuna kitu. Akatazama ya mkewe, "Mke." Hakuna kitu. Meneja akakunja mita yake polepole.

Macho ya Fundi yakafika picha ya tatu yakasimama. Akainua kichwa akanitazama mimi. Akarudi kitabuni. Akanitazama tena. Kifuani kwake pakaanza mngurumo, na Meneja akaruka akisema anakabwa, leteni maji.

Hakuwa anakabwa. Alikuwa anacheka.

Wifi akainama, akasoma, nadhani kwa mara ya kwanza maishani, kitu alichokipiga chapa yeye mwenyewe. Picha ya tatu ilikuwa choo. Chini yake, kwa herufi nzito nyeusi, neno "Dada."

Nikakinyakua kile kitabu. Hasira zangu ziko karibu, hilo kila mtu analijua, na nilikuwa nataka tu kujua kilemba changu cha bluu kimekwenda wapi. Chai imeandikwa "Maji," shati limeandikwa "Blanketi," kila kitu kimevaa jina la mwenzake. Nikajikuta ukurasa wa sita, pembeni chini, nimetabasamu vizuri kabisa. Chini yangu imeandikwa, "Cherehani mbovu."

Fundi alikuwa amenyoosha shingo. Akaona. Akacheka mpaka machozi yakamtoka, akapiga meza kwa mkono wa kushoto, na kwa mara ya kwanza tangu augue hakupiga kwa ghadhabu. Wifi alikuwa amesimama ameshika mashavu. Mimi nilikuwa natafuta tusi la kumtupia. Na Meneja, kwa sauti ya upole, ndiyo iliyoniuma zaidi, akasema, "Tusijipe matumaini. Hata mtoto mchanga hucheka."

Kicheko cha Fundi kikakatika.

Alinyoosha mkono wa kushoto akanipokonya kitabu. Akakilaza mezani, akakirudisha ukurasa wa kwanza kwa kiganja. Akaweka kidole juu ya picha ya choo. Akakiburuta mpaka kwenye kisanduku cha pili yake, neno "Choo," akagonga mara mbili. Kisha akatutazama mmoja mmoja, jinsi alivyokuwa akiwatazama wateja wanaotia uzi kinyume. Akaenda picha iliyofuata, ndoo ya maji. Neno lake lilikuwa ukurasa wa pili. Akafunua ukurasa, taratibu, kwa ncha za vidole, akalitafuta, akalipata. Akagonga.

Wifi alichukua kalamu kwenye mkoba wake, akawa anaweka alama ya vema kila anapogonga, kama mwalimu, huku machozi yanamdondokea kwenye karatasi. Chai. Kitanda. Shati. Taa. Picha ishirini na mbili zilikuwa zimepotea njia, naye akazirudisha zote kwao bila kukosea hata moja. Alipofika kwangu, kilemba cha bluu, alikiacha kidole chake juu ya "Cherehani mbovu" muda mrefu, akinitazama. Alikuwa ananitania. Halafu akarudisha kurasa zote mpaka mwanzo akagonga "Dada."

Meneja akakaa. Alipozungumza sauti yake haikuwa ya kupanga maisha ya mtu. "Kaka," akasema, "karakana tuifunge?"

Lilikuwa swali la kwanza mtu yeyote kumwuliza kwa miezi miwili na kusubiri jibu. Fundi akafunua ukurasa wa tatu. Juu ya neno alilolitaka palikuwa na picha ya mswaki, lakini picha hakuishughulikia. Aligonga neno. "Hapana." Akagonga tena, asije Meneja akadai hakuona.

Meneja alitoka nje akakaa ndani ya gari lake kitambo. Tulidhani amekasirika. Kumbe alikuwa anafuta macho. Aliporudi aliuliza kama taa ya karakana bado inawaka, au abadilishe balbu kabla hajaondoka.

Na wifi? Mtu mwingine angeruka kwa furaha. Wifi yangu alikaa mezani, kitabu kifuani, akasema, "Kurasa sita nimekosea. Zote sita." Nilimwambia kosa ni langu na kilemba changu. Akasema hapana, mwenye kuchapa ndiye mwenye kukagua. Nikamwambia asingekosea tusingejua. Alifikiri, akakubali kwa shingo upande, kisha akaomba ruhusa ya nusu siku akatengeneze kipya.

Hicho kipya alikitengeneza kwa jedwali. Alinionyesha akiwa na fahari kama aliyejenga nyumba: kila picha na neno lake ndani ya chumba kimoja cha jedwali, picha juu, neno chini, mistari imefutwa isionekane. Ukiihamisha picha, neno linakwenda nayo. "Sasa wameoana," akasema. Kile cha zamani alitaka kukichana, Fundi akamzuia. Anakiweka kwenye droo ya bobini, na kila mteja mpya sharti aonyeshwe ukurasa wa sita. Mimi nimezoea. Wengine huniuliza hali ya mshono.

Siku hizi Fundi yuko benchini asubuhi. Mkono wa kushoto umejifunza bisibisi. Mteja akileta mashine, anafunguliwa kitabu: mafuta, mkanda, sindano, kesho. Maneno machache yamerudi mdomoni pia, mafupi, moja baada ya jingine, na mtaalamu amesema yatakuja mengine au hayatakuja, tusiyavute masikio. Jumamosi mchana wifi anatengeneza vitabu vya watu wengine wanaotumwa na mtaalamu yule. Wanakuja na simu zao, na jambo la kwanza anawauliza ni je, picha ni za nyumbani kwenu? La pili, mwenyewe anapenda kuzungumzia nini? Juzi alikuja mke wa dereva, wifi akamtuma arudi akapige picha ya usukani. Tena sasa anasoma kila anachokipiga. Ofisini wamemshika mara mbili na herufi iliyokosewa, zote mbili kwenye barua za kukatiwa watu maji. Haoni aibu hata kidogo.

Lakini mimi, kwa zaidi ya mwezi baada ya siku ile, sikukaa katika nyumba yao. Nilifika, ndiyo. Nilisimama mlangoni na furushi langu, nikatupa mzaha mmoja, nikasema nina haraka, nikaenda. Wifi hakuniuliza. Sababu ilikuwa moja: kama anaelewa leo, alikuwa anaelewa tangu mwanzo. Na siku ile ya Jumamosi alikuwa hatua tatu kutoka nilipokaa.

Mchana mmoja nikaona nitapasuka. Wifi alikuwa jikoni, namsikia akipanga vikombe. Fundi alikuwa benchini, anapangusa mguu wa mashine. Nilisimama mbele yake na furushi mkononi nikasema, "Siku ile niliposema umeshaondoka. Ulinisikia?"

Aliweka kitambaa chini. Hakufanya haraka, wala hakunichelewesha. Akavuta kitabu, akafunua, akaweka kidole.

"Ndiyo."

Nililia pale pale, nimesimama, mtu mzima na furushi lake. Nikamwambia anisamehe. Nikamwambia mimi ndiye niliyekuwa naogopa, kwamba kumwona kimya hivyo kulinitisha kuliko kumzika, na kwamba hilo si la kumtetea mtu. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Halafu akarudi kitabuni, akafunua mbele, akafunua nyuma, nikajua anatafuta neno ambalo wifi hakuliweka. Mwishowe akasimamisha kidole juu ya picha moja.

"Kiti."

Nikadhani amechoka, anataka kurudi dirishani. Nikaweka furushi chini, nikamshika kwapani nimwinue. Akautoa mkono wangu. Akagonga tena, "Kiti," kisha akaninyooshea mimi kidole, na kwa mguu wake ule mzima akaisukuma stuli ya wateja mpaka ikagusa magoti yangu.

Wifi akatokea mlangoni na sinia ya chai, akatutazama, mmoja analia, mwingine amenyoosha mguu.

"Wifi," akasema, "leo unapita au unakaa?"

"Nakaa," nikamwambia, nikakaa.